Pete kwa Mkono Unaofanya Kazi

Mwanamke niliyetaka kumwoa hunawa mikono kutwa nzima. Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji jijini Dar es Salaam, na kazi hiyo ina masharti yake juu ya vidole. Kabla ya kusimama karibu na meza ya upasuaji husugua mikono hadi viwikoni: kucha fupi zisizo na rangi, hakuna saa, hakuna bangili, hakuna pete. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unawasihi wahudumu wa afya waache kuvaa pete wanapohudumia wagonjwa, kwa kuwa ngozi iliyofunikwa na pete hubaki na vijidudu vingi kuliko iliyo wazi. Kwa chumba cha upasuaji hakuna mjadala, pete zote huvuliwa. Hayo niliyajua tangu siku za mwanzo za kufahamiana kwetu. Kwa hiyo nilipoanza kuiwazia pete ya uchumba, swali la kwanza halikuwa jiwe gani wala bei gani. Nilijiuliza pete hiyo itakaa wapi katika saa ambazo kidole hakiruhusiwi kuivaa.

Nalitaja swali hili mapema kwa sababu ndilo lililoongoza mengine yote, na kwa sababu vijana wengi ninaowasikia wakizungumza habari za pete huanzia mahali pengine kabisa. Huanzia dukani, mbele ya kabati la kioo, chini ya taa kali zinazokifanya kila kitu kimeremete. Mimi naamini pete huanzia mkononi. Mkono wa mpishi una moto na mafuta, mkono wa mwalimu una chaki, mkono wa mkulima una udongo na mpini wa jembe. Kila mkono una maadui wake, na pete itakutana nao wote.

Mimi ni mtoto wa Arusha, na kwa mtoto wa Arusha suala la jiwe huonekana limekwisha kabla hajazaliwa. Tanzanite huchimbwa mahali pamoja tu duniani, kwenye vilima vya Mererani wilayani Simanjiro, na mawe hayo yamekuwa yakipita mikononi mwa mabroka wa mji wetu kwa miongo mingi. Marafiki, majirani, hata kinyozi wangu, waliniambia neno moja: "Baba yako kachimba Mererani, sasa wewe utamvisha mtoto wa watu nini kama si tanzanite?"

Ni kweli, baba alikuwa mwana-Apolo, kama wanavyoitwa wachimbaji wa kule. Alishuka mashimoni miaka ya themanini, kabla Serikali haijaligawa eneo hilo katika vitalu A, B, C na D mwaka 1990. Hadithi alizotusimulia hazikuwa za utajiri. Zilikuwa za kamba na ngazi, za moshi wa baruti, za hewa iliyokuwa nzito kule chini, na baadaye za watu aliowafahamu waliozamishwa na maji, maana mwaka 1998 na tena mwaka 2008 mvua kubwa ziliingia mashimoni zikaua makumi ya wachimbaji. Alitusimulia pia juu ya Jumanne Ngoma, mtu aliyeyaona mawe yale ya bluu mwaka 1967. Jina la mzee huyo nililisikia nyumbani kwetu miaka mingi kabla ya Aprili 2018, pale Rais John Magufuli alipomtambua hadharani siku ya kuzindua ukuta wa kilomita 24 hivi unaozunguka machimbo. Ngoma alifariki Januari 2019. Jina la jiwe lenyewe lilitolewa mbali na hapo, mwaka 1968, na kampuni ya vito ya Tiffany ya New York.

Kutoka kwenye miaka ile ya mashimo baba alibaki na kipande kimoja kisichokatwa, amekifunga katika karatasi ndani ya kopo la dawa. Tangu nikiwa shule ya msingi alikuwa akisema kipande kile ni cha mkwe wake.

Basi jiwe lilikuwepo, halinunuliwi, na limebeba jasho la baba yangu. Nililichukua nikampelekea sonara, mzee mwenye karakana ndogo katikati ya mji, aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Kabla hajafungua ile karatasi aliniuliza, "Bibi harusi anafanya kazi gani?"

Nikamwambia.

Alilitazama jiwe kwa lenzi kwa muda mrefu, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Jiwe zuri," alisema. "Lakini kijana wangu, hili si la kidole chake. Tanzanite ni jiwe la sikio na la shingo."

Sababu alizonipa ningependa kila anayefikiria pete azisikie, kwa sababu wauzaji wengi hawazisemi. Ugumu wa mawe hupimwa kwa ngazi ya 1 hadi 10 aliyoibuni Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini kutoka Ujerumani, mwaka 1812. Almasi iko 10. Rubi na safaya ziko 9, spineli 8. Tanzanite iko kati ya 6 na 7. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila kuna jambo moja linaloipa uzito: kwatzi iko 7, na kwatzi ndiyo iliyojaa katika mchanga na vumbi la kawaida, lile linalotua juu ya meza na juu ya nguo. Ukiipangusa tanzanite yenye vumbi kwa kitambaa kikavu, unaisugua kwa kitu kigumu kuliko yenyewe. Kidogo kidogo kingo za mkato hufifia na mng'ao huondoka. Zaidi ya hapo, jiwe hili lina upande ambao hupasuka kirahisi likigongwa, na halipendi mabadiliko ya ghafla ya joto. Wapo wanaovaa pete za tanzanite kwa miaka na zikabaki nzuri, lakini wengi wao huzivaa kwenye sherehe kisha wakazihifadhi. Pete ya uchumba ninayoijua mimi huvaliwa Jumatatu, Jumanne, sokoni, kwenye daladala, jikoni.

Tena kuna umbo. Pete nyingi za uchumba zinazouzwa sasa hubeba jiwe juu, limeshikwa na vikucha vinne au sita ili mwanga uliingie kwa chini. Ni umbo la kupendeza. Kwa muuguzi vikucha hivyo hutoboa glovu, hunasa kwenye pamba na shuka, na hukusanya uchafu mahali pasipofikiwa na sabuni. Hata mwenzangu anapokuwa wodini, nje ya chumba cha upasuaji, pete ya namna hiyo ingekuwa hatari kwa mgonjwa kabla ya kuwa usumbufu kwake mwenyewe.

Nilipotoka pale nilimpigia simu nikamweleza kila kitu. Nilimwambia nataka kumchumbia kwa heshima zote, nikamwambia habari za jiwe la baba na aliyosema sonara, nikamwomba tuchague pamoja.

Najua wapo watakaoona nimeharibu utamu. Siku hizi kijana hupiga goti hotelini au ufukweni, simu zikirekodi, na sharti ni kwamba mwanamke asijue lolote. Furaha ile siibezi, nimeshuhudia machozi ya kweli. Ninachokataa ni wazo kwamba siri ndiyo kipimo cha mapenzi. Kwetu uchumba haujawahi kuwa jambo la watu wawili kufichana. Mshenga hutumwa, barua ya posa huandikwa, wazee hukaa, kishika uchumba hupokelewa mbele ya mashahidi, mahari hujadiliwa kwa sauti. Katikati ya uwazi wote huo, kwa nini kitu kimoja atakachokivaa mwanamke kila siku ya maisha yake kichaguliwe gizani na mtu asiyekivaa?

Na desturi ya kununua pete kwa bei ya kuumiza ina asili yake. Mwaka 1947 Frances Gerety, mwandishi wa matangazo katika kampuni ya N. W. Ayer ya Marekani, aliiandikia De Beers maneno machache ya kuiunganisha almasi na milele, na maneno hayo yakatumika duniani kote. Miaka ya themanini matangazo ya De Beers yaliwaambia wanaume wa Marekani kwamba pete inastahili mshahara wa miezi miwili. Mshahara wa miezi miwili! Kipimo hicho kilitungwa na muuzaji wa almasi, na bado nimekisikia kikitajwa na kijana wa Sakina mwenye kibanda cha kuuza simu, akijilaumu kwamba hana mapenzi ya kutosha kwa sababu hana fedha za kutosha. Iliniuma kumsikia. Mwaka huohuo wa 1947, mgodini Mwadui huko Shinyanga, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ilipatikana almasi ya waridi yenye karati 54.5, ikatolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa akiolewa. Ilipokatwa ikawa karati 23.6. Nchi yetu imetoa mawe ya kila namna kwa arusi za watu wengine, nasi tunastahili kuyafahamu kwa faida ya arusi zetu.

Mwenzangu alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza maswali kama anayepokea taarifa ya mgonjwa. Je, pete yaweza kuwa laini kabisa, isiwe na kitu kinachojitokeza? Je, yaweza kupita kwenye mkufu, aivae shingoni ndani ya nguo anapokuwa wodini, na kuiacha kabatini akiingia upasuaji? Je, dawa ya klorini wanayosafishia sakafu na vifaa itaidhuru? Nilimwandikia sonara maswali hayo jinsi yalivyo. Mzee alifurahi. Alisema huja kwake wanaume wengi wanaojua bei wanayotaka kulipa, wachache wanaojua pete itafanya kazi gani.

Majibu yake ndiyo yaliyoiumba pete. Jiwe lizamishwe ndani ya dhahabu, uso wake ulingane na uso wa pete, ili kidole kikipita juu kisikwame popote. Kwa umbo hilo jiwe hupoteza sehemu ya mwanga wake kwa kuwa haliingiziwi nuru kwa chini, kwa hiyo linahitajika jiwe lenye rangi kali linalong'aa hata likiwa dogo. Dhahabu iwe ya karati 18. Hapa pana jambo linalochanganya wanunuzi: karati ya jiwe ni uzito, gramu 0.2, na karati ya dhahabu ni usafi, sehemu ngapi kati ya 24 ni dhahabu tupu. Karati 18 ina dhahabu asilimia 75, ndiyo maana hugongwa muhuri wa 750 kwa ndani. Karati 9, yenye muhuri wa 375, ni rahisi na ngumu, lakini ina metali nyingi nyingine, shaba na fedha na kadhalika, na klorini hushambulia metali hizo. Karati 22 ina rangi ya kupendeza sana lakini ni laini, na pete nyembamba ya dhahabu hiyo huweza kupinda. Hata karati 18 haitakiwi kuzamishwa kwenye klorini. Avue, alisema mzee, avue kila akishika dawa ile. Dhahabu nyeupe aliikataa moja kwa moja kwa mtu anayenawa hivyo, kwani weupe wake mwingi ni tabaka jembamba la rodi juu ya dhahabu, nalo huchakaa likahitaji kurudiwa.

Shangazi yangu aliyeolewa Tanga alipinga habari ya karati 18 kwa nguvu. Yeye ameishi pwani miaka mingi, na kwake dhahabu ni ya 22 au isiwe dhahabu. "Pete ya jiwe ukitaka kuiuza wanakupimia dhahabu tu, jiwe wanalitupa pembeni," aliniambia. "Mpe mwanamke dhahabu yenye uzito, iwe yake, siku ya shida asimtazame mtu usoni. Akiba haiozi." Sikuweza kumbishia. Nimewaona wanawake wa pwani wakisomesha watoto kwa bangili zao. Tulikubaliana kwamba pete ya kazini ibaki ya 18, na kwamba katika zawadi za harusi patakuwa na dhahabu ya 22, ya kwake peke yake, ambayo mimi sitaiuliza. Nadhani lilikuwa shauri bora kuliko mengi niliyopewa na wanaume wenzangu.

Likabaki suala la jiwe la pete. Safaya za bonde la Umba, mkoani Tanga, zilitupendeza, na kwa ugumu zinashinda. Nilikwenda na mwenzangu kwa kijana mmoja anayechunguza vito, aliyesomea kazi yake hapahapa Arusha, mji wenye Kituo cha Jemolojia Tanzania ambako ukataji na utambuzi wa vito hufundishwa. Alitandaza karatasi nyeupe, akaweka safaya kadhaa, kisha pembeni akaweka jiwe dogo jekundu lenye mwelekeo wa waridi. Mwenzangu hakurudi tena kwenye safaya.

"Hii ni spineli," kijana alisema. "Imetoka Mahenge."

Mama mkwe wangu ni Mpogoro wa Mahenge. Mwenzangu alilichukua jiwe kwa kibanio, akalishika kwenye mwanga, akasema kwa sauti ya mtu anayehesabu miaka, "Sisi tumekua tukiyakanyaga haya." Mahenge, wilayani Ulanga mkoani Morogoro, ilijulikana katika soko la dunia hasa baada ya mwaka 2007, yalipochimbwa pale Ipanko mawe makubwa ya spineli ya rangi hiyohiyo inayowaka. Kwa karne nyingi spineli nyekundu ilidhaniwa kuwa rubi. Lile jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, linaloitwa rubi ya Black Prince, ni spineli. Kwa kawaida spineli haihitaji kuchomwa ili ipate rangi. Inavyotoka ardhini ndivyo inavyovaliwa. Mwenzangu alilipenda hilo, na mimi nililipenda kwa sababu yake.

Kijana hakututaka tumwamini kwa maneno. Alitupa kijibomba cha kutazamia kinachoigawa nuru ya jiwe katika vidirisha viwili. Tanzanite ukiitazama humo, kidirisha kimoja chaweza kuwa cha bluu na kingine cha zambarau. Rubi huonyesha wekundu wa aina mbili. Spineli huonyesha rangi ileile pande zote mbili. Lakini kioo nacho huonyesha rangi moja, kwa hiyo alilipima tena kwa kifaa kinachosoma jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe, akapata karibu 1.72, kipimo cha spineli. Naomba wasomaji wangu walitie moyoni jambo hili: muuzaji mwema hakasiriki ukiomba jiwe lipimwe. Vioo vya bluu na mawe ya maabara yameuzwa kama tanzanite kwa watu waliokopa ili wanunue, na machozi yao nimeyaona. Jiwe letu lilikuwa na milimita 4 tu, chini ya nusu karati. Liliingia ndani ya uwezo wetu bila mkopo na bila kugusa fedha za mahari.

Kipimo cha kidole kilitupa shughuli ambayo sikuitarajia. Sonara ana kitita cha pete za chuma zenye namba, na alimpima mwenzangu asubuhi, Julai, baridi ya Arusha ikiwa imeshika. Kisha akasema kipimo hicho hakitoshi. Vidole husinyaa kwenye baridi na kuvimba kwenye joto, na mtu anayesimama kwa saa nyingi katika joto la Dar es Salaam atakuwa na kidole kingine jioni. Alimwazima zile pete zenye namba za karibu na yake akapime mwenyewe akitoka zamu. Tofauti ilikuwa nusu namba, chini ya nusu milimita ya kipenyo, lakini kwa mtu anayevua na kuvaa pete mara nyingi kwa siku, nusu milimita ndiyo amani au kero. Ikibana kwenye kifundo, ataiacha nyumbani. Ikilegea, itaondoka pamoja na glovu na kutupwa.

Nimechelewa kulirudia jiwe la baba, na kwa kweli hilo ndilo lililoniwia gumu kuliko yote. Kumwambia mchimbaji kwamba jiwe alilolitunza halifai kidoleni si maneno mepesi. Nilikaa naye barazani, nikamweleza juu ya Mohs, vumbi, vikucha na glovu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba ugumu wa jiwe lile anaujua tangu kabla sijazaliwa, na kwamba yeye alisema ni la mkwe wake, hakusema ni la kidole cha mkwe wake.

Tukampelekea mkataji. Lilikuwa na ule ukahawia wa tanzanite nyingi zinapotoka ardhini, na bluu ikionekana ukiligeuza upande mmoja. Mkataji aliuliza maswali mawili. La kwanza: tulichome? Tanzanite nyingi zilizoko madukani zimechomwa kwenye joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, ukahawia ukatoweka, ikabaki bluu na zambarau. Baba alitaka lichomwe. Mwenzangu aliuliza kuna hatari gani, na mkataji akamwonyesha kwa lenzi mstari mwembamba wa ufa karibu na ncha. Moto ukiukuta ufa, jiwe laweza kufunguka. Shauri lake lilikuwa kulikata kwanza sura ya awali, kuiondoa ile ncha, ndipo lichomwe taratibu. La pili: tunataka bluu au tunataka ukubwa? Jiwe refu namna ile, ukililaza uso uangalie upande wa zambarau, unapata jiwe kubwa zaidi. Ukitaka uso uangalie upande wa bluu, lazima upoteze uzito mwingi.

Baba alitaka ukubwa. Alikuwa na sababu: kila gramu ya lile jiwe aliilipia kwa mapafu yake. Mwenzangu alitaka bluu. Alimgeukia baba akasema, "Baba, nikivaa kubwa watu watauliza bei. Nikivaa bluu watauliza limetoka wapi, nami nitawaambia umelitoa wewe." Baba alicheka, akamwambia mkataji akate bluu.

Lilitoka dogo kuliko tulivyotegemea, likachomwa, likatulia. Sasa limo kwenye kidani, dhahabu imelizunguka ukingo wote ili lisigongwe, na mwenzangu hulivaa kanisani na kwenye sherehe. Huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, halipanguswi kavu kamwe. Zile mashine za kusafishia vito kwa mitetemo zimekatazwa kabisa.

Pete yenyewe ilivishwa nyumbani kwa kina mwenzangu mbele ya wazee, mshenga akiwa amekwisha kusema yake na mchungaji akiwa amekwisha kuombea. Hakuna aliyeshangazwa na pete, kwa sababu wote walijua imetengenezwa. Walichotaka ni kuishika. Ilizunguka ukumbini kutoka kiganja hadi kiganja, bibi yake akapitisha kidole juu yake kuutafuta ukingo wa jiwe asiupate, akauliza limeshikwa na nini. Mwenzangu alimweleza bibi yake habari za kuzamisha jiwe kwa ufasaha ambao hata mimi sikuwa nao.

Mdogo wangu naye amefika kwenye hatua hiyo. Mchumba wake ana kiwanda kidogo cha mikate Usa River; mikono yake iko kwenye unga kuanzia alfajiri, kisha kwenye tanuri. Mdogo wangu amekuja kwangu na picha ya pete yenye jiwe lililoinuliwa juu, akaniuliza naionaje. Nilimuuliza unga utaingia wapi. Tumeagana kwamba Jumamosi tutakwenda kwa yule sonara, na kwamba hatutakwenda sisi wawili peke yetu: mchumba wake atafunga kiwanda mapema, aje na mikono yake ikiwa bado na joto la kazi, apimwe hivyohivyo.